Mwenye Kuume Ana Njia

Siku ya mashindano Albertine alitiwa kifungoni na mama yake mzazi, ndani ya mtumbwi, na wala kamba haikuhitajika. Mama Mathilde alisema, "Ingia," akaingia. Akasema, "Kaa pale," akakaa. Mbele yake mlingoti, nyuma yake magoti ya mama, kushoto maji na kulia maji. Ukiwa na binti anayempenda mtu usiyemtaka, humwachi nchi kavu siku ya sikukuu, siku ambayo Kasongo nzima imeteremka bandarini na nguo zake mpya kuja kutazamana. Unamkalisha katikati ya mto, unamtia kamba ya tanga mkononi, na moyo wako unatulia.

"Mama, si ungemuchukua Cécilia?" Albertine alijaribu.

"Cécilia iko muzito. Mutumbwi unataka mutu mwepesi."

"Na mimi nimenenepa."

"Umenenepeshwa na nini? Chakula hauli tangu mwezi uliopita. Shika kamba, angalia mbele. Sikusema uangalie kwa maseremala. Nimesema mbele."

Kwa maseremala ndiko alikokuwa Musafiri. Alisimama majini hadi magotini akikaza tanga la mtumbwi wake, shati amelitundika juu ya mlingoti, na Albertine hakuhitaji kumtazama ili ajue alipo. Hiyo ndiyo taabu ya kupenda. Macho unaweza kuyakataza, lakini ngozi ya shingo haisikii amri ya mtu.

Yote haya aliyaleta Mzungu wa bandari. Alizaliwa kando ya bahari huko kwao, na watu walimwita Bwana Tanga kwa sababu hakuna kitu kingine alichokipenda. Alipofika kwenye mto Lualaba alikuta mitumbwi inatweka tanga pale tu upepo unaposukuma kwa nyuma. Akamwagiza seremala wake, Musafiri, achonge mbao za kuteremsha ubavuni, ziingie majini na kuuzuia mtumbwi usiteleze upande. Kwa ubao huo mtumbwi uliweza hata kuukabili upepo, ukienda mshazari huku, kisha mshazari kule, hadi kufika unakotaka. Kila mwenye mtumbwi akataka wake. Ubao wa Mama Mathilde ulikuwa kazi ya siku moja, na Musafiri aliufanya mwezi mzima. Leo amesahau patasi, kesho mti haujakauka, keshokutwa anarudi kupima upya; na kila alipokuja kupima, Albertine ndiye aliyemshikia ncha ya pili ya kamba.

Mama Mathilde alikuwa mjane na mwanamke wa mtoni, mwenye kuvusha watu na mihogo yao kwa kasia lake mwenyewe. Hakuwa mjinga. Mwezi ulipokwisha aliupokea ubao, akashukuru, kisha akamwuliza bintiye swali moja.

"Ule seremala ni mutu wa wapi?"

"Wa Wamaza, Mama."

"Wamaza ya Kabambare?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi."

Katika "basi" hilo mlikuwa na kilio kizima. Mathilde, mtoto wake wa kwanza, ambaye jina lake mama huyo alilibeba kila alipoitwa, aliolewa Kabambare. Alipanda milimani na mumewe, akaahidi kurudi mvua zikiisha. Zikaisha, zikaanza, zikaisha tena. Habari zake zililetwa na wapita njia: amezaa, amezaa tena, anasalimu. Mama Mathilde alikuwa bibi wa watoto ambao hajawahi kuwashika. Na sasa anatokea mwanamume mwingine kutoka milima ileile, na jina lake, Mungu wangu, ni Musafiri!

Kwa hiyo alipokuja Octave wa Nyangwe, mama hakusitasita. Octave aliuza samaki wakavu, mkewe alifariki, alikuwa mpole na msafi, na juu ya yote alikaa ukingoni mwa mto uleule. Binti akiwa Nyangwe, mama anasukuma mtumbwi wake tu na kumfikia. Siku hiyo Octave alikuwa amekuja kuchukua jibu. Aliketi juu ya ngazi ya bandari, kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe, kofia magotini. Mashindano yakiisha atajibiwa, na akijibiwa, Albertine ataondoka naye. Nyumbani nguo zake zilikuwa zimekwisha fungwa.

Musafiri je? Musafiri hakuwa na pa kuanzia hata kuposa. Kwa watu wa ukingo ule mposaji hatangulizi wazee. Huanza mwenyewe, kwa kumpa njia mama wa msichana. Humngoja mahali watu wanapopita, na mama akitokea yeye huingia majanini, huchuchumaa na kugeuza uso, kwa maana mkwe hamtazami mama mkwe machoni. Mama akipita kimya mbele ya watu, ameipokea njia: huyo ni mkwe wake, na wazee wanaweza kuja. Asipomtaka, humsemesha palepale uso kwa uso kama mtu baki, na mambo yameishia hapo.

Musafiri alikuwa ametoa njia kanisani, sokoni na kisimani. Kila mara Mama Mathilde alisimama na kumwita kwa sauti ya kufika ng'ambo: "Seremala, yambo! Unatafuta nini mu majani? Umeangusha musumari?" Sokoni watu walicheka hadi wakashika mbavu. Baada ya hapo mama alikwenda kila mahali kwa mtumbwi, kwani majini hakuna njia ambayo mtu anaweza kumpa mwenzake.

Bwana Tanga alipanda juu ya sanduku, akapiga makofi, akatangaza sheria zake.

"Mitumbwi inateremuka muto, inazunguka pipa nyekundu kule chini, inarudia hapa. Wa kwanza anapata tanga mupya ya turubai. Mitumbwi mbili ikikutana, ile inapata upepo ku mukono ya kuume, ile iko na njia. Priorité! Ingine inamupa njia. Munasikia? Inamupa njia! Asiyetoa njia, amepoteza!"

Wanawake ngazini wakaangua kicheko.

"Bwana anataka kutuposa sisi wote!" mmoja akasema, na kicheko kikaanza upya. Bwana alidhani wanacheka Kiswahili chake, naye akacheka pamoja nao.

Mama Mathilde hakucheka. Musafiri naye hakucheka; aliacha kukaza kamba, akakaa anamtazama Bwana mdomo wazi.

Mitumbwi ikasogea kwenye mstari, kati ya ngazi ya bandari na kijiti kilichopandwa ng'ambo. Hapo ndipo ujuzi ulipoanza kuonekana. Upepo wa alasiri ulikuwa unapanda mto, mkondo wa maji unateremka, na wote walikuwa wanaelekea chini. Mwenye haraka alichukuliwa na maji akauvuka mstari kabla ya wakati, na kurudi nyuma dhidi ya Lualaba si mchezo. Mama Mathilde aliupeleka mtumbwi wake kando kabisa, nyuma ya mwamba, mahali maji yanapojizungusha bila kwenda popote. Akaliacha tanga lipepee. Akangoja.

Mtumbwi wa Musafiri ukaja ukasimama pembeni yao. Seremala naye alikuwa ameujua mwamba ule.

Walikuwa karibu kiasi cha kushikana mikono. Albertine alitazama magoti yake mwenyewe. Aliisikia harufu ya vumbi la mbao, ile iliyokuwa inabaki kwenye kamba baada ya kupima. Musafiri alikuwa na mwenzake Roger, aliyeshika tanga. Kumsemesha Albertine mbele ya mama hakuthubutu. Akamsemesha Roger, macho yakiwa kwa Albertine.

"Roger, wakikupeleka Nyangwe leo, mimi nitabaki namna gani?"

"Mimi?" Roger akashangaa. "Niende Nyangwe kufanya nini?"

"Nitakuwa naamuka asubui natafuta kazi karibu na muto, ili nione kama unapita. Utapita, Roger?"

"Musafiri, uko na homa?"

Albertine aliinamisha kichwa zaidi ili asionekane. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja.

"Huyu Roger," akasema polepole, kana kwamba anaongea na kamba, "kama angekuwa na ruhusa, asingeenda Nyangwe hata kwa kufungwa."

"Lakini nimesema siendi!" Roger akapaza sauti.

"Seremala, yambo!" Mama Mathilde alinguruma kutoka nyuma, uso mzima amemgeuzia. "Ubao wako unalia usiku kucha. Uliuchonga na mti gani?"

Musafiri alinyong'onyea. Amesemeshwa tena, uso kwa uso. "Yambo, Mama," akajibu. "Nitauangalia."

"Hapana. Hautaangalia kitu tena kwangu."

Chuma cha reli kikagongwa, na mitumbwi ikaondoka.

Mle mtumbwini mama alikuwa mtu mwingine. Nchi kavu alikuwa mjane mwenye goti bovu. Hapo aliketi nyuma kabisa, kasia la usukani kwapani, na mtumbwi ukawa mwili wake. Mitumbwi kadhaa ilikuwa imevuka mstari mapema na sasa inahangaika kurudi. Mwingine ulijipindua palepale, wenyewe wakaogelea huku wanatukanana. Mbele walibaki wawili tu, mtumbwi wake na wa Musafiri.

"Kaza. Kaza tena. Sasa acha hapo. Usibane tanga, liache lipumue. Yeye iko wapi?"

"Kushoto, nyuma yetu."

"Akigeuka unaniambia."

"Amegeuka."

"Na sisi tunageuka. Inama!"

Tanga likapita juu ya kichwa cha Albertine, akahamia upande wa pili, akateremsha ubao, akakaza. Musafiri akageuka tena, nao wakageuka tena. Alitaka upepo safi. Mama Mathilde aliukalia upepo wake, akamfunika, kila anapokwenda yeye yuko juu yake, tanga lake linamla pumzi. Ilikuwa kazi ya kupendeza kuitazama, na huko ngazini watu walipiga kelele. Albertine peke yake haikumpendeza. Ndivyo alivyofunikwa yeye mwezi huu wote: akienda kisimani mama yuko, akienda kanisani mama yuko, akigeuka mama amekwisha geuka.

"Mama, muache kidogo apite."

"Apite aende wapi?"

"Mama, mimi sitaki Nyangwe."

"Ubao. Uteremushe vizuri."

"Sitaki, Mama. Octave ni mutu muzuri, lakini nikimuona moyo wangu haufanyi kitu."

"Moyo wa Mathilde ulifanya kitu," mama akasema. "Ulifanya, ulifanya, mpaka Kabambare. Kaza kamba."

Kufikia katikati ya mto Musafiri alipata mwanya. Upepo ulijipinda kwenye kona ya msitu, yeye akauona juu ya maji kabla ya mama, akakimbilia ukingo wa mashariki. Mama Mathilde alichelewa kumfuata. Akaamua kubaki kwenye mkondo wenye nguvu, maji yamsaidie kushuka, kisha akate kwenda kulia moja kwa moja hadi kwenye pipa. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na shimo moja. Akienda hivyo, upepo ulimjia mkono wa kushoto na tanga likamfunika upande wa kulia. Musafiri, akirudi kutoka mashariki, atakuja na upepo mkono wa kuume. Njia itakuwa yake.

"Angalia chini ya tanga," mama akamwambia. "Mimi hapa nyuma sioni kitu. Anakuja?"

Albertine akainama akachungulia.

Alikuwa anakuja. Roger yuko nje ya ukingo wa mtumbwi, mwili wote, akiuzuia usilale. Musafiri amechuchumaa nyuma, kasia mikononi, maji yanaruka mbele yao meupe. Na alikuwa anamtazama yeye. Si pipa, wala si tanga. Mitumbwi ile miwili ilikuwa inakwenda kukutana mahali pamoja, na ngazi nzima ya bandari, na Octave na kofia yake, na Bwana Tanga na darubini yake, wote walikuwa wanaona.

Hapo ndipo Albertine alipoelewa. Leo majini kulikuwa na njia.

"Anakuja?" mama aliuliza tena.

"Iko mbali, Mama."

Ulikuwa uongo mkubwa wa kwanza aliomwambia mama yake tangu utoto, na haukumtetemesha sauti.

"Tunaweza kupita mbele yake?"

"Tunaweza."

Wakaendelea. Mtumbwi wa Musafiri ulikua chini ya tanga, ukakua, mpaka Albertine akawa anauona mshono wa shati lililokuwa mlingotini. Mama akasikia maji ya mtumbwi mwingine. Akanyoosha shingo, akaona.

"Mungu wangu! Albertine, legeza! Legeza, tupite nyuma yake!"

Mtumbwi wenye tanga lililokazwa haukubali kuteremka na upepo. Usukani utavuta, kasia litalia, lakini kwanza kamba ilegezwe. Mama Mathilde alilijua hilo, na binti yake alilijua vilevile, alifundishwa na yeye.

Albertine aliizungusha kamba mkononi mara nyingine, akaishika.

"Legeza!"

"Hapana, Mama."

"Tutagongana! Utatuua!"

"Hapana."

Kamba ilimkata kiganja. Mama alilisukuma kasia kwa kifua, mtumbwi ukakataa, ukaenda palepale ulipokuwa unakwenda. Albertine alikuwa anangoja neno moja. Mwenye haki yake hupiga kelele, Priorité! na tayari aliuona mdomo wa Musafiri ukifunguka. Akilitamka, basi anataka tanga la turubai, au anataka asiaibishwe tena, na nani angemlaumu? Akilitamka, yeye Albertine ataiachia hii kamba na atakwenda Nyangwe.

Hakulitamka. Alimwambia Roger jambo, na Roger akalegeza tanga huku anapinga. Mtumbwi wao, uliokuwa na haki yote ya mto ule, ukaangusha mwendo, ukauacha mstari wake, ukapinda kwenda nyuma yao. Musafiri akajikunja mpaka goti likagusa kidevu. Akageuza uso upande wa tanga lake. Akapita nyuma ya Mama Mathilde, karibu kabisa, shingo ameinamisha, mgongo wake mtupu umelowa maji, hamtazami.

Mama Mathilde aligeuka amtazame. Mdomo ulikuwa wazi. Lile "Seremala, yambo!" lilikuwa pale juu ya ulimi, Albertine aliliona kabisa. Kisha upepo ukawabeba, na lile neno halikutoka. Lilikwama kwa mshangao, au kwa hofu, au kwa sababu mtu akiuona mgongo wa kijana anayetupa ushindi wake majini kwa ajili ya binti yako, si rahisi kumwuliza habari za misumari. Mwenyewe hakuwahi kueleza.

Wakalizunguka pipa wa kwanza. Upepo ukawa nyuma, tanga likafunguka lote, na kwa muda hapakuwa na kazi ya kufanya. Mama aliuelekeza mtumbwi ukingoni, mahali mkondo ni mdogo. Nyuma yao Musafiri alifuata bila kusogea karibu. Angeweza kuula upepo wao, lakini mkwe hamkimbizi mama mkwe.

"Ulinisikia nikisema legeza?"

"Nilikusikia, Mama."

"Na ulimuona tangu zamani."

"Nilimuona."

Kasia likaingia majini, likatoka.

"Atakupeleka kule. Sasa hivi anasema hapana, ninajua. Na ule wa Mathilde alisema hapana. Walikula kwangu, akasema, Mama, tutakuwa tunakuja. Mutu wa milima akisikia baba yake anagonjwa anapanda milima, na muke anamufuata."

"Akipanda, nitapanda. Akirudi, nitarudi. Mama, Mathilde hakukukimbia. Aliolewa tu."

"Kwangu ni sawasawa."

Sauti ilikatika. Albertine hakuwa amewahi kumsikia mama yake akilia, na hakugeuka kumtazama, kwa heshima. Aliweka mkono wake nyuma, ule uliochubuka, ukapata goti la mama, ukakaa hapo. Mama hakuuondoa mpaka bandarini.

Ngazini palikuwa na vigelegele vya kupasua masikio. Lakini vigelegele vile vilikuwa na wimbo ambao haukuwa wa mashindano, na Mama Mathilde aliutambua kabla hata hajagusa ukingo. Wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa ukwe.

"Nyamazeni!" akafoka kutoka mtumbwini. "Ni michezo ya Muzungu!"

Octave alikuwa amesimama. Kofia ilikuwa kichwani sasa. "Mama Mathilde," akasema kwa adabu yake, "mimi nilikuja kwa jibu. Lakini naona kuna mutu amekupa njia, na wewe umepita. Ulipita ao hukupita?"

Kabla hajajibu, Bwana Tanga alishuka ngazi mbio, darubini inamgonga kifuani, uso mwekundu.

"Ngoja! Ngoja kwanza! Mimi naona mambo kule. Seremala alikuwa na njia! Mukono ya kuume! Mama alikata mbele yake. Kama alikata kwa nguvu, mama amepoteza, tanga inaenda kwa seremala." Akamgeukia Musafiri, ambaye alikuwa amefika na kuruka nchi kavu, amesimama chini ya ngazi, macho chini. "Sema, wewe. Alikunyanganya njia, ao ulimupa?"

Hata wale walioogelea waliacha kukamua nguo zao.

"Nilimupa, Bwana," Musafiri akasema.

"Kwa nini? Ulikuwa na haki!"

"Nilimupa na moyo wangu wote."

Bwana akatikisa kichwa, hakuelewa kitu. Akamgeukia Mama Mathilde. "Na wewe, mama? Sema ukweli mbele ya watu. Ulinyanganya, ao alikupa na wewe ulipokea? Ukinyanganya, umepoteza. Ukipokea, umeshinda."

Mama Mathilde aliyetega upepo maisha yake yote nyuma ya miamba ya Lualaba aliangalia huku na huku asione upepo unatoka wapi. Akisema amenyang'anya, ni mwizi wa njia mbele ya Kasongo nzima, na tanga limekwenda. Akisema amepokea, amesema yote. Mbele yake Octave, pembeni Mzungu, juu wanawake wameshika vigelegele vinywani. Na katikati ya mtumbwi, akiwa hajafumbua ngumi yake yenye damu, binti ambaye hamwombi chochote, anamtazama tu.

Mama alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Alilitazama goti lake mwenyewe, pale mkono wa Albertine ulipoacha alama nyekundu. Kisha akainua macho kuelekea ngazi, akaona kwamba Musafiri amesimama palepale pa kushukia, na kwamba yeye, mwanamke mtu mzima mwenye kuheshimu mila za watu wake, hawezi tena kupita karibu ya mwanamume huyo wala kumsemesha kwa kinywa chake.

"Albertine," akasema.

"Abee, Mama."

"Umuambie mukwe wangu atoke pale ku ngazi. Nataka kushuka."